Geuza Kadi Nyuma Kwanza: Maswali Yenu kwa Mzee wa Kadi

Mwangaluka wasomaji wangu. Barua za mwezi huu ni nyingi, zingine zimekuja kwa meseji, moja imeletwa kwa mkono na konda wa daladala za Igoma ambaye aliambiwa tu "mpe yule mzee wa kadi" na kweli ikafika. Karibu zote zinauliza kadi za zamani za sigara, hasa zile za Kimarekani zenye wachezaji wa besiboli, kwa hiyo ukurasa wote wa leo nimewapa hizo.

Shikamoo Mzee wa Kadi. Naishi Nyakato lakini kwetu ni Musoma. Babu yetu alikuwa mpishi wa mapadre Wamarekani miaka mingi, amefariki mwaka juzi, na tulivyokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta kitabu cha sala cha Kilatini ndani yake kuna kadi saba ndogo za wanaume wenye kofia, wengine wameshika magongo. Nyuma zimeandikwa Piedmont kwa wino wa bluu na kuna namba ya kiwanda 25. Moja mbele imeandikwa CICOTTE, BOSTON. Kuna jamaa wa pale Makoroboi anasema atatoa elfu hamsini kwa kila moja na anataka jibu kesho. Mdogo wangu kaona kwenye simu kadi kama hizi iliuzwa mabilioni. Tuuze? – Mjukuu, Nyakato

Marahaba mjukuu, na poleni sana na msiba wa babu. Kesho usiuze. Mtu anayekupa usiku mmoja wa kufikiria kitu kilichokaa kwenye kitabu miaka na miaka, haraka yake ina sababu, na sababu hiyo haiko upande wako.

Wewe umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, umegeuza kadi ukasoma nyuma. Watu wananitumia picha za mbele tu, sura, kofia, rangi nzuri, wananiuliza mzee hii ni kadi gani, na mimi kila siku nasema jamani geuzeni, mbele yupo mchezaji lakini kadi inajitambulisha kwa nyuma. Piedmont ilikuwa sigara ya Kimarekani, mali ya kampuni kubwa sana iliyoitwa American Tobacco Company, na kati ya 1909 na 1911 kampuni hiyo ilikuwa inatia kadi za wachezaji kwenye pakti za sigara na tumbaku za majina 16 tofauti, mbele picha ni zile zile, nyuma ndo kuna tangazo la jina husika, Piedmont, Sweet Caporal, Sovereign, Polar Bear, Old Mill, Hindu, Cycle na wenzao. Seti hiyo wakusanyaji wanaiita T206, na kwa hesabu ya wengi ina kadi 524. Hiyo namba ya kiwanda 25 ukiangalia vizuri imefuatwa na wilaya ya 2 na herufi Va., yaani Virginia. Ni wilaya ya kodi. Serikali ilitaka kujua kila sigara imetoka kiwanda kipi ili isikwepe ushuru, na leo sisi ndo tunafaidi, maana miaka zaidi ya mia imepita na bado tunaweza kusema kadi hii imetoka mkoa gani.

Sasa chukua rula. T206 ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 3.7 na urefu wa karibu 6.7, ni kubwa kidogo tu kuliko boksi la kiberiti. Picha imezungukwa na mpaka mweupe, na jina liko chini kwa herufi kubwa, wino wa kahawia. Ukikuta ni kubwa kama karata, hiyo siyo. Alafu angalia juu kule nyuma kama imeandikwa 150 au 350, kama ni 150 basi imo kwenye awamu ya mwanzo kabisa, ile ya 1909. Niandikie namba hiyo.

Kuhusu mabilioni, mdogo wako hajadanganywa. Kadi ya mchezaji Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh iliuzwa 2022 kwa dola milioni 7.25, kwa pesa yetu ya wakati huo ni zaidi ya bilioni 16. Lakini zinazojulikana duniani ni kama 60 hivi, kwa sababu ilisimamishwa kuchapwa mapema, wengine wanasema Wagner hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate sura yake, wengine wanasema hakuridhika na malipo. Sasa soma majina ya hizo kadi zako sita zilizobaki polepole. Ukikuta WAGNER, PITTSBURG, bila ile H ya mwisho maana ndivyo walivyoandika kwenye kadi, kaa chini kwanza unywe maji, alafu usimwambie mtu. Ukikuta WAGNER, BOSTON ni mtu mwingine kabisa, Heinie Wagner, na huyo yupo wa kutosha, watu wengi wameshatetemeka bure kwa ajili yake. Wagner wa Pittsburgh mpaka sasa anajulikana akiwa na nyuma mbili tu, Sweet Caporal na Piedmont. Ila usijenge nyumba kichwani, Piedmont ndo nyuma iliyo nyingi kuliko zote.

Huyo Cicotte nimefurahi kumsikia Musoma, kusema kweli. Eddie Cicotte alikuwa mrushaji, ndo yule anayesimama katikati akamrushia mpira mwenye gongo. Kwenye kadi yako ni kijana, yuko Boston, hana kesi na mtu. Miaka kumi baadaye, 1919, akiwa Chicago White Sox, yeye na wenzake wakachukua pesa za wacheza kamari ili timu ifungwe kwenye fainali kubwa ya Marekani, sisi tungesema waliuza mechi, na wachezaji wanane wakafungiwa maisha mwaka 1921. Kwa hiyo watu wanamtafuta kuliko wachezaji wa kawaida, na elfu hamsini kwa Cicotte halisi ni kukuibia mchana.

Jambo la mwisho ambalo naliona kubwa kuliko bei. Mapadre wa Maryknoll walianza kazi Musoma mwaka 1946, na siyo ajabu padre akaja na kadi za utotoni mwake au za baba yake akazifanya alama za kurasa. Kaa na wazee wa kwenu wiki hii hii uandike: babu alifanya kazi misheni gani, kuanzia mwaka gani, kitabu alipewa na nani. Na kitabu usikitupe. Fungua pale kadi zilipokuwa zimelala uangalie ukurasa, mara nyingi karatasi inakuwa imeachiwa kivuli cha kahawia chenye umbo la kadi, kona nne kabisa zinaonekana. Kivuli hicho ni shahidi wako kwamba kadi hizo hazikununuliwa mtandaoni mwaka jana.

Mzee mambo. Mimi fundi simu mjini. Nilinunua kadi moja buku kumi kwa muuza mitumba, nyuma Sweet Caporal, ina njano njano na kona zimekunjika inaonekana ya kale hatari. Nitajuaje kama ni ojino? – Fundi

Poa fundi. Njano na kona zilizokunjika haziniambii kitu. Chai ya rangi inaweza kuizeesha karatasi mpya kwa nusu saa, na kona unaikunja kwa kidole. Kopi za T206 zimetengenezwa nyingi sana, zingine kwa nia njema kabisa na zimeandikwa nyuma kwamba ni kopi, tatizo ni mtu wa tatu anayekuja kuparua yale maneno, kwa hiyo angalia kama nyuma kuna sehemu imekwaruzwa au karatasi imekuwa nyembamba.

Wewe una bahati, una ile darubini unayochomelea saketi. Weka kadi chini yake ulenge jina la mchezaji. Kwenye kadi halisi herufi zimechapwa kwa wino mmoja wa kahawia, mstari umejaa kama umechorwa kwa kalamu, hata kama kingo zake siyo laini. Kwenye kopi mtu amepiga picha kadi nzima alafu akachapa hiyo picha, kwa hiyo hata herufi utaziona zimevunjika kuwa vidoti vidoti vya rangi mbalimbali. Usichanganye na picha yenyewe, uso na anga kwenye kadi halisi nayo ina vidoti maana ni kazi ya litografia, uchapaji wa rangi wa zamani, wewe baki kwenye herufi.

Ukitoka hapo nenda kwa wakala yeyote wa pesa mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Muombe kwa adabu, zima taa ya kawaida, weka kadi chini. Karatasi za siku hizi zinawekwa kemikali ya kuzing'arisha, chini ya taa hiyo zinawaka bluu nyeupe kama shati la harusi. Karatasi ya 1910 haina kemikali hiyo, inabaki imenyamaza. Ikiwaka sana, kwaheri buku kumi. Isipowaka bado siyo ushahidi kamili kwa sababu kuna matapeli wanachapa kwenye karatasi za vitabu vya zamani, ndo maana nimekuanzisha na herufi.

Na pima kwa rula. Kadi ikiwa nyembamba kuliko wenzake na kingo zake kali kama za wembe, inawezekana ni halisi ila imekatwa ili ionekane mpya. Hata ile Wagner maarufu kuliko zote, ambayo mchezaji wa hoki Wayne Gretzky aliinunua na mwenzake mwaka 1991 kwa dola 451,000, mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki kabla alikuja kukiri mwaka 2013 kwamba aliikata kingo. Mimi habari hiyo iliniuma. Kadi imetoka salama kwenye pakti ya sigara, imepita mifukoni kwa watu, imevuka vita mbili za dunia, alafu mtu anaichukulia kisu kwa sababu kona hazikumpendeza.

Habari za kazi mzee wetu. Mimi ni mwalimu hapa Nansio, Ukerewe. Nasoma mara T206, mara N172, mara E. Hizi herufi na namba nani aliziweka na zinafuata utaratibu gani? Nataka kupanga za kwangu. – Mwalimu

Swali la kimwalimu hili, na jibu lake ni mtu mmoja, Jefferson Burdick wa Syracuse, jimbo la New York. Huyu hakuwa tajiri wala profesa, alikuwa anafanya kazi kiwandani, na alikuwa na ugonjwa wa viungo uliomkunja mikono na mgongo kadiri miaka ilivyokwenda. Kabla yake kadi zilikuwa mchafuko mtupu, mkusanyaji wa mji huu akisema "zile za mpaka mweupe" wa mji ule haelewi anasema zipi maana nyuma moja ni Piedmont na nyingine ni Hindu, hakuna jina moja la kuziita zote. Mwaka 1939 Burdick akatoa orodha yake ya kwanza na baadaye ikajulikana kama American Card Catalog, na ndani yake kila seti ikapewa herufi na namba. N ni kadi za tumbaku za karne ya 19. T ni za tumbaku za karne ya 20. E ni kadi za pipi za zamani, R ni pipi na bigijii za baadaye. Basi. Aliona kwamba mchezaji anaweza kutokea kwenye sigara, pipi na gazeti, kwa hiyo ukipanga kwa mchezaji utapotea, akapanga kwa aliyeitoa kadi, na hapo unarudi kule kule, nyuma ya kadi.

Ila angalia namba zisikudanganye, hazifuati miaka. T205, zile nzuri zenye mpaka wa dhahabu, ni za 1911, zimekuja baada ya T206 kuanza ingawa namba ni ndogo. T207, ambazo upande wa mbele mchezaji amezungukwa na rangi ya kahawia, ni 1912. N172 ni kadi za sigara za Old Judge za kampuni ya Goodwin, kati ya 1886 na 1890, na hizo ni picha za kamera kabisa zilizobandikwa kwenye kadibodi, mchezaji kasimamishwa studio anajifanya anadaka mpira, na ukiangalia karibu unaona mpira umening'inizwa kwa uzi kutoka juu! Naipenda hiyo kuliko Wagner na mabilioni yake.

Kwa nini kuna pengo kati ya N na T? Kwa sababu miaka ya 1880 kampuni za sigara zilikuwa zinagombania wateja, kadi inatia mvuto na inakaza pakti laini isipondeke. Mwaka 1890 zile kubwa zikaungana zikawa American Tobacco Company, ushindani ukapungua, baada ya miaka michache kadi zikakauka. Zikarudi kwa nguvu 1909, na mwaka 1911 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaivunja kampuni yenyewe kwa kuhodhi soko.

Burdick alitoa kadi zake zote kwa makumbusho ya Metropolitan ya New York, vitu zaidi ya 300,000, na yeye mwenyewe akawa anakwenda pale na mikono yake ile iliyokakamaa kuzipanga na kuzibandika kwenye albamu moja moja. Alimaliza Januari 1963. Machi mwaka huo huo akafariki. Mwalimu, mimi nikichoka kupanga huwa namkumbuka yule mzee na gundi yake.

Za kwako kama ni za Uingereza, Wills au Player, usizitafutie herufi ya Burdick maana katalogi yake ni ya Marekani. Hizo panga kwa kampuni, kisha jina la seti, kisha mwaka, kisha namba iliyoko nyuma. Wills kwa mfano walitoa seti ya wachezaji kriketi 50 mwaka 1896. Tumia daftari la kaunta, mstari mmoja kadi moja, na uandike umeipata kwa nani.

Mzee, mwanangu ana miaka kumi na anazipenda sana hizi kadi unazoandika. Mimi naona tunamfundisha sigara. Nikosoe kama nimekosea. – Mama, Pasiansi

Hujakosea mama, hofu yako ina msingi na siwezi kukuficha. Watoto wa wakati ule walikuwa wanasimama nje ya maduka ya tumbaku wanawaomba wanaume waliotoka kununua, "kaka nipe kadi", na makampuni yalijua kabisa. Mimi mtoto namwambia hivyo hivyo ilivyokuwa, kwamba picha hii nzuri ilikuwa chambo, namwonesha mbele samaki anachokiona na nyuma ndoana iko wapi. Mtoto wa Mwanza chambo anakijua. Kama bado moyo unasita mwanzishe na kadi za E, za pipi, au na picha za bigijii, kupanga na kuandika daftari ni kule kule.

Mzee wa Kadi, nipo Kemondo karibu kabisa na ziwa. Nina kadi kama thelathini za Wills za marehemu mjomba, zimeanza kujikunja na zingine zina madoa. Steshenari wameniambia wanaweza kuzilamineti bei poa. Nifanye? – Kemondo

Hapana, hapana, hapana. Nakuomba.

Mwaka ambao nilikuwa nimeanza tu kukusanya nilikuwa na kadi moja ya meli, ya Wills, rangi ya bahari yake sijaiona tena popote. Nikaipeleka kulamineti nikiwa na furaha kabisa. Kijana akaiingiza kwenye mashine, ikatoka upande wa pili bado ina moto, nikaishika, na pale kwenye bomba la moshi la meli kulikuwa na kipovu kidogo kama punje ya mtama, rangi imeachia karatasi imeshikana na plastiki. Ukijaribu kubandua plastiki unabandua meli. Bado ninayo, na kila mgeni anayekuja na kadi zake namwonesha hiyo kwanza.

Sisi wa ziwani adui yetu ni unyevu. Usizifunge kwenye nailoni ukakaza fundo, joto la mchana linatoa jasho ndani na kadi zinagandana. Usizipige pasi ili zinyooke. Madoa usiyafute hata kwa kitambaa kikavu, wino ule wa zamani unatoka na doa lako. Anza kwa kuzitoa zilipo, zitandaze juu ya karatasi nyeupe ndani ya chumba chenye hewa, mbali na jua na mbali na jiko, siku mbili tatu. Zikitulia, kila moja iingie kwenye kifuko chake cha plastiki safi isiyo na harufu, ile plastiki inayonuka kama kapeti jipya la gari iache kabisa maana inakula karatasi. Alafu vifuko vyote kwenye boksi la kadibodi, boksi juu ya kabati, siyo chini ya kitanda na siyo ukutani upande wa mvua. Weka na vile vipakti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu, ila visiguse kadi, na masika yakianza ubadilishe vingine.

Zile zilizojikunja usizilazimishe. Zikishakaa kwenye vifuko weka juu yake kitabu kizito cha kiasi, siyo tofali, uzisahau mwezi mzima. Ukifungua nipigie picha, mbele na nyuma.